Kambo Alitaka Nimletee Kikohozi

Tangu nirudi Kamina, kila anayekuja kwenye kibanda changu kuchaji simu ananiuliza habari ya safari, na kabla sijafika nusu ya njia betri yake imejaa, anaondoka. Matokeo yake mji mzima unajua vipande. Fundi cherehani wa jirani anasema nilimpelekea mtu wa Lubumbashi samaki. Vijana wa korali ya kanisani wanasema niliuza kikohozi. Hakuna aliyesema uongo kabisa, lakini hakuna aliye na safari nzima. Basi naiandika, ili hata simu ikijaa mtu abaki na karatasi mkononi asome mpaka mwisho.

Kutoka nyumbani

Upepo wa mwanzo wa mvua ulikuwa umeng'oa mabati ya nyumba ya Kambo, nyanya yangu aliyenilea. Mengine tuliyaokota yamejikunja kama majani makavu, mengine hatukuyaona tena. Kambo akahamia jikoni kwa jirani. Kila asubuhi alirudi kuifagia ile nyumba isiyo na kichwa, kwa sababu ndimo alimoishi na Tata, mume wake, mpaka Tata akafa. Tulimwomba aende kukaa kwa mjomba karibu na kanisa. Akasema mtu haiachi nyumba yake eti kwa sababu imevua kofia.

Sasa habari ya diski. Tata, katika ujana wake, alikuwa mpishi kule Base, kambi ya jeshi ya Kamina, wakati ilikuwa na wanajeshi wageni. Mmoja wao, rubani, siku ya kuondoka alimwachia diski moja ya jazi, ule muziki wa Wamarekani weusi, iliyorekodiwa ukumbini mbele ya watu. Tata alisema jazi ni wimbo unaotoka nyumbani, unapotea njia makusudi, halafu unarudi wakati nyote mmeshakata tamaa. Kila Jumapili baada ya ibada aliipiga kwenye pikapu yake, ile mashine ya kupigia diski. Katikati ya upande wa kwanza tarumbeta inanyamaza, ukumbi wote unanyamaza, na mtu mmoja anakohoa.

Mara ya kwanza Kambo alikuwa anasonga bukari, ugali wetu. Alidhani ni mgeni mlangoni, akamjibu bila kugeuka: "Pole, papa." Tata alicheka mpaka akakaa chini. Tangu hapo ikawa sheria ya nyumba. Yule mtu akikohoa, sote tuliomo tunamwambia pole, hata mtoto mwenye tonge mdomoni, hata mgeni asiyeelewa. Nimekua nikimjua yule mtu kuliko wajomba zangu wengine. Nilimpa mpaka sura: mnene kidogo, koti jeusi, anaona aibu.

Pikapu ilikufa kabla ya Tata. Diski ikabaki chini ya kitanda, imelala kimya miaka mingi.

Mimi mnanijua, naota nikiwa macho. Mchana wateja wakiwa wachache naangalia video kwenye simu. Siku moja nikaona mnada wa diski za jazi, huko kwa wenzetu. Mtu amekaa na koti lake, anainua kidole tu kama anayeitisha kahawa, na bei inaruka. Msemaji akasema kila mwaka bei zinapanda, watu wanazitafuta kama almasi. Halafu wakaonyesha ganda la diski: mtu na tarumbeta, macho amefumba. Nilisimama. Yule wa tarumbeta na macho yake ya kufumba nilikuwa nampangusa vumbi tangu utoto.

Sitawachosha na habari ya kupiga simu na kutuma picha. Mwisho wake nilipata mzee mmoja wa Lubumbashi, Papa Silve, aliyekuwa fundi wa redio zamani. Siku hizi anauza diski za kale kwa mnada wa mtandaoni. Akasema niilete mwenyewe, ifike kabla ya mnada wa Jumamosi, isipinde, isichubuke.

Kambo akaifunga ndani ya vitenge viwili, akaiweka ndani ya kartoni, akaifunga tena kamba. Halafu hakuniachia. Aliishika upande wake na mimi upande wangu.

"Uuzishe, mutoto yangu," akasema. "Disiki haifunikake nyumba. Lakini ule muntu mwenye kukohoa, usimuache kule. Uniletee kukohoa yake."

Nikamwambia hilo ni jambo dogo, nitamrekodi kwenye simu. Niliona ni ahadi rahisi kuliko zote nilizowahi kutoa.

Kamina mpaka Bukama

Treni ilijaa mpaka watu wakakaa juu ya magunia ya wenzao na kuomba radhi baadaye. Mimi nilipata nafasi karibu na dirisha, kartoni kwenye mapaja. Pembeni yangu akaketi mama mkubwa wa mwili na wa sauti, Mama Bea, mke wa askari wa Base. Mzaliwa wa Mbandaka, amekaa Kamina miaka mingi, lakini Kiswahili chake bado kinatembea na Kilingala mkono kwa mkono. Alikuwa anapeleka Lubumbashi unga wa mahindi ya Kaniama.

Akaniuliza nimebeba nini. Nikajibu kwa kifupi kwamba ni diski. Akatikisa kichwa kwa heshima, akaniuliza kama mume wangu ana lori. Nikasema sina mume. Akanipongeza kwamba msichana kama mimi ninafanya biashara ngumu hivyo. Sikuelewa, lakini sifa ni sifa, nikashukuru. Baadaye nilipoenda kujinyoosha mlangoni na kurudi, nilikuta gunia la unga limekaa juu ya kartoni yangu, na juu ya gunia amekaa Mama Bea, anakula karanga.

Sikupiga kelele. Nilishika tu kichwa.

"Nini tena, mwana?" akauliza. "Si disiki ya embreyaji? Ile iko chuma."

Kumbe muda wote alidhani nabeba vipuri vya gari. Watu wakacheka, lakini alipoona machozi yangu akaruka, akaliondoa gunia kwa mkono mmoja, akafungua kamba mwenyewe. Vile vitenge viwili vya Kambo vilikuwa vimeokoa. Diski ilikuwa nzima, nyeusi, inang'aa, na behewa zima likasogea kuitazama kama vile nimefungua mtoto mchanga. Mama Bea akafuta karanga mikononi kabla hata ya kuisogelea.

Basi ikabidi nieleze. Nikaeleza rubani, Tata, tarumbeta, yule mtu na kikohozi chake, na pole yetu. Nikawafundisha hata mahali pake, nikiimba ile tarumbeta kwa mdomo, halafu kimya, halafu nakohoa. Behewa zima: "Pole, papa." Waliomba nirudie. Tulipita stesheni moja tukiwa tunampa pole mtu ambaye labda amekufa kabla mimi sijazaliwa. Tangu hapo Mama Bea akajifanya mlinzi wa kartoni. Yeyote aliyekaribia na mzigo alikaripiwa kwa lugha mbili.

Bukama

Bukama tulikwama. Mvua ilikuwa imekula njia huko mbele, udongo umekimbia chini ya reli, na mafundi walikuwa wanaujaza. Hakuna aliyejua mpaka lini. Kila aliyeulizwa alisema "kesho", kwa upole, kama mtu anayekupa kiti.

Wengi walifurahi. Bukama kuna mto Lualaba, na Lualaba kuna samaki. Mimi nilikula bukari na samaki wa kukaanga aliyetoka mtoni siku hiyohiyo, mkubwa mpaka mkia wake ulitoka nje ya sahani, kwa mwenyeji aliyetuona tumechoka tu na kutuita. Mama Bea aliuza unga wake wote palepale, akanunua samaki wa moshi, akasema Mungu anajua kwa nini anavunja reli.

Lakini mimi nilikuwa na jua. Baada ya mvua kulikuja jua la kupasua kichwa, na lile behewa la chuma likawa kama chungu kwenye moto. Papa Silve alikuwa ameniambia diski ikipata joto inapinda kama jani, na ikipinda haina bei tena. Nilitembea na kartoni kichwani nikitafuta kivuli chenye baridi ya kweli. Nikafika kwa mama mmoja muuzaji wa munkoyo, ile pombe tamu ya mahindi. Mapipa yake aliyafunika na magunia yaliyoloweshwa maji, chini ya paa la nyasi, na ubaridi ulikutana nawe mlangoni. Nikamwomba diski ilale pale.

Alikubali, lakini alitaka kujua analinda nini. Nikamweleza, mpaka mwisho, kwamba kuna watu ng'ambo ya bahari wanaolipa fedha nyingi kwa muziki ambao ndani yake kuna mtu anakohoa.

Akaweka kata chini. Akaniangalia vizuri kama ninaumwa.

"Banalipa juu ya kukohoa?" akasema. "Minyi na bwana yangu anakohoaka usiku muzima. Umubebe naye."

Kutoka nyuma ya nyumba tukasikia mwanaume anakohoa, kwa kweli. Mimi na Mama Bea, bila kupanga, tukasema kwa pamoja: "Pole, papa." Akajibu "Aksanti" kutoka hukohuko, na yule mama akacheka mpaka akashika pipa.

Pale Bukama nilifanya pia jambo ambalo mwenye kibanda cha kuchaji hapaswi kulifanya. Watu walitaka kupiga simu nyumbani kusema tumekwama, na simu zao zimezima. Nikawaazima yangu. Mzee mmoja alizungumza na mke wake kuhusu mbuzi mpaka betri yangu ikabaki nyekundu. Nilishindwa kumnyang'anya. Alikuwa anamwita mbuzi kwa jina.

Tulipoamka na kusikia treni inapiga honi, nilikimbia kwa mama wa munkoyo kuchukua diski. Yule mama alikuwa ameyamwagia maji magunia tena usiku, kwa ajili yake tu. Nikamwambia wafwako, asante yetu ya Kiluba, mara nyingi kuliko alivyotaka kusikia.

Bukama mpaka Lubumbashi

Hapa nitapita haraka, kwa sababu nililala. Nakumbuka vilima, nakumbuka baridi ya alfajiri, nakumbuka vijana waliokuja dirishani kuuza mikate ya mafuta na kuniuliza kama bado nina yule mtu wa kukohoa. Habari ilikuwa imetutangulia, sijui kwa njia gani.

Kartoni ilisafiri katikati ya marobota ya samaki wa moshi, kwa amri ya Mama Bea. Alisema samaki ni laini, hawabonyezi. Harufu hakuifikiria, wala mimi.

Tulifika Lubumbashi Jumamosi yenyewe. Miguu yangu ilikuwa bado inatikisika kama treni. Nilitaka kuagana na Mama Bea pale stesheni. Akanitazama kana kwamba nimemtukana, akaacha samaki wake kwa dada yake sokoni, akanifuata. Alisema hawezi kumlinda mtu njia yote halafu amwache mlangoni.

Kamalondo

Papa Silve anakaa Kamalondo, mtaa mmoja wa Lubumbashi, nyumba ndogo ya matofali, na ndani kuta zote ni diski. Sijawahi kuona kitu kama kile. Kutoka chini mpaka dari, migongo myembamba ya makaratasi, kimya. Nilijikuta nanong'ona, kama niko kanisani siku isiyo ya ibada. Mama Bea pia alinong'ona, na hilo ni jambo la kuandikwa.

Mzee ni mwembamba, anavaa miwani iliyofungwa uzi. Aliitoa diski kwenye vitenge kwa vidole viwili, akaigeuza kwenye mwanga, akasoma vialama vidogo katikati. Halafu akanusa.

"Hii imesafiri na samaki," akasema.

"Samaki njo baliilinda," akajibu Mama Bea.

Hakucheka. Aliniuliza swali moja tu, taratibu: katikati ya upande wa kwanza, kuna mtu anakohoa? Nikamwambia yupo, tena tunamjua. Papa Silve akavua miwani. Akaeleza kwamba zile diski za kwanza kabisa zilitoka na kikohozi ndani yake. Baadaye wenye kampuni wakaona ni aibu, wakakifuta, na diski zote zilizofuata hazinacho. Kwa hiyo wanaotafuta duniani wanatafuta kile kikohozi. Ndicho cheti chake.

Nilikaa chini bila kukaribishwa. Yule mtu wetu wa koti jeusi walimtoa ukumbini. Duniani kote walimtoa, na amebaki katika nyumba chache tu, mojawapo Kamina, chini ya kitanda, chini ya mabati yaliyoruka.

Ilikuwa saa ya mnada. Papa Silve aliweka kompyuta yake mezani, akasogeza maikrofoni mpaka karibu iguse spika ya pikapu. Akasema wanunuzi wameahidiwa kuisikia mara moja, upande wa kwanza, na si zaidi, kwa sababu kila sindano inapopita inakula kidogo. Nikajua hiyo ndiyo nafasi yangu pia. Simu yangu ilikuwa imepata chaji kidogo. Nikabonyeza kurekodi, nikaishika mbele ya kifua.

Sindano ikashuka. Kwanza ule mchakacho, kama mafuta yanapata moto. Halafu tarumbeta. Jamani, sijui niseme nini. Chumba kilikuwa cha Kamalondo lakini nilisikia harufu ya bukari ya Jumapili, nilimsikia Tata anavuta kiti. Wimbo ukatoka nyumbani, ukapotea, ukaenda mbali kabisa. Ukanyamaza. Ukumbi ukanyamaza.

Yule mtu akakohoa.

"Pole, papa," nikasema. Na nyuma yangu, kwa sauti ile inayokaripia behewa zima, Mama Bea: "Pole, papa."

Papa Silve akageuka, macho yamemtoka. Lakini tarumbeta ilikuwa imesharudi, naye hakuthubutu kusema kitu mpaka mwisho wa upande. Kwenye kompyuta kikohozi kilisikika wazi, shukrani kwa maikrofoni iliyobusu spika. Sisi tulisikika kwa mbali, kama watu wa chumba cha pili. Mnunuzi mmoja wa nchi ya baridi akaandika kuuliza yale maneno ni nini. Papa Silve akamjibu kwa lugha yake, akaandika kirefu. Nilimwomba anitafsirie alichoandika. Akasema: "Nimemuambia kwenye hii nyumba mutu akikohoa, banamusikilia uchungu."

Kisha bei ikaanza kupanda. Hakukuwa na kidole wala koti, namba tu zinazobadilika kwenye kioo, bila sauti yoyote, kama Lualaba inavyojaa wakati umelala. Niliacha kufurahi nikaanza kuogopa. Nilitaka kuwaambia watoshe. Papa Silve mwenyewe, aliyeuza nyingi, alishika ukingo wa meza. Zilipokoma, yule wa nchi ya baridi ndiye aliyekuwa juu. Chini ya namba yake aliandika neno moja tu, na hilo halikuhitaji kutafsiriwa: pole.

Mlioniuliza ilikuwa kiasi gani, tazameni juu ya nyumba ya Kambo mkipita.

Tulipotulia nikasikiliza simu yangu. Tarumbeta safi. Kimya safi. Halafu "Pole, papa" yangu, kubwa, karibu na mdomo, na juu yake ya Mama Bea kama honi ya treni. Kikohozi hakuna. Tulikuwa tumekifunika chote.

Nilimwomba Papa Silve airudishe sindano, pale tu. Akakataa, na uso wake ulisikitika kweli. Alikuwa ameahidi mara moja, na diski ilikuwa imeshapata mwenyewe. Nikauliza kama kompyuta imeweka ile sauti. Akasema inapita tu, kama redio. Mama Bea alikuwa mlangoni, mkono mdomoni.

Kurudi

Njia ya kurudi ilikuwa nzima, treni ilitembea vizuri, na mimi nilitamani ikwame. Pale Bukama mama wa munkoyo alikuja dirishani kuuliza bei ya mume wake. Nilicheka kidogo, kwa adabu. Kila niliposikiliza simu, nilifikiri labda nitakisikia safari hii, mahali fulani chini ya sauti zetu. Nilikuwa nimepata mabati na nimemwacha mtu.

Kambo alinisubiri uani, kwenye nyumba yake ya wazi. Nikamweleza yote, ila hilo moja. Akakaa, akavuta kitenge, akaomba asikie. Nilianza kusema, Kambo, kuna jambo. Akainua mkono ninyamaze.

Tarumbeta ikapiga pale uani. Alifumba macho kama yule wa kwenye ganda. Ikanyamaza. Mimi na Mama Bea tukasema pole ndani ya simu, na Kambo akasema pole nje ya simu, wakati uleule, bila kuchelewa hata kidogo.

Ilipokwisha nikamwomba radhi. Nikasema kikohozi hakimo, tulikifunika na kelele zetu.

Alinitazama kama asiyeelewa kosa liko wapi.

"Kukohoa bila pole?" akasema. "Minyi sijasikiaka vile hata siku moja. Ungeleta kukohoa yenyewe, ningesema ni muntu mungine." Akanirudishia simu. "Na ule mwanamuke wa sauti mukubwa, njo nani?"

Nikamwambia ni Mama Bea, mke wa askari, mtu wa Mbandaka.

"Umuambie akuye siku ya Mungu," akasema. "Alisha kuingia mu nyumba."

Mabati yalipandishwa. Jumapili ya kwanza Mama Bea alikuja na samaki, tukala, na tulipoweka simu mezani ipige mvua ikaanza. Mnajua mvua juu ya mabati mapya. Hatukusikia noti hata moja. Nilitaka kuizima tungoje iishe, lakini Kambo alikuwa amefumba macho, kidole chake kinatembea taratibu juu ya meza. Kikasimama.

"Pole, papa," akasema.

Niliinua simu nikaiweka sikioni. Tarumbeta ndiyo kwanza ilikuwa inarudi.